Majina ya Mbulu na Hanang katika Ramani za Kale

Atakayeutafuta mlima Hanang katika ramani za Wajerumani hatauona upesi: humo umeandikwa Gurui. Mfasiri asiyelijua hilo aweza kudhani kuwa hati zataja milima miwili.

Ramani hutufunulia pia ni nani aliyeulizwa njia. Oscar Baumann alipita huku mwaka 1892 na wapagazi wa pwani, naye akaandika Umbugwe na Ufiomi. U- hiyo ya nchi ni ya Kiswahili. Watu wa Ufiomi wenyewe hujiita Gorwaa. Iraqw ikawa Iraku, kwani sauti yake ya mwisho haimo katika matamshi yetu. Baadaye Wairaqw wakaitwa Wambulu, kwa jina la mji, nalo latokana na Imboru ya wenyeji.

Tena “Mbulu” ya hati za Waingereza ilienea hata Hanang, Babati na Karatu.

Katika miaka ya 1980 kijiji cha Mulbadaw, Hanang, kilishitakiana na NAFCO juu ya ardhi iliyolimwa ngano. Penye madai ya namna hiyo jina la mahali ni ushahidi. Kwa hiyo twapendelea mfasiri aliache jina kama lilivyoandikwa, na la leo aliweke katika mabano.