Migomba ya Kimuli na jeni ya pilipili hoho

Unyanjano, yaani mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, haukuzaliwa kwetu. Watafiti waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia, kwenye enseti, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Mwaka 1974 wakauripoti kwenye mgomba wenyewe, kisha kwa zaidi ya robo karne haukusikika nje ya nchi hiyo. Mwaka 2001 ukazuka Mukono, Uganda, na miaka michache baadaye ulikuwa umeshaingia mashariki mwa Kongo, Rwanda, Kenya na Tanzania. Katika mkoa wetu wa Kagera ulianzia Muleba, ukasambaa mpaka Karagwe. Wakati huo Kimuli, kwetu, ilikuwa bado Karagwe. Wilaya yetu ya sasa, Kyerwa, ilianzishwa mwaka 2012.

Mimi ni mkulima wa Kimuli na migomba ninayoitunza niliachiwa na wazazi. Chini yake ndipo ulipo mbuni, ndipo yanapoota maharage, na ndipo walipozikwa wazee wetu. Mtu wa mbali akisikia ugonjwa wa ndizi hufikiria bei ya sokoni. Sisi tulifikiria nyumba nzima.

Mgomba ulioshikwa hunyauka ukiwa umesimama. Ndizi huiva kabla ya kukomaa, moja hapa moja pale, na ukiimenya unakuta nyama ina madoa ya rangi ya kutu. Kata shina lake kwa panga, subiri kidogo, utaona usaha wa njano ukichuruzika kwenye mkato. Hapo usiliguse shina jingine kwa panga hilo, maana bakteria wamo kwenye makali. Nyuki nao huwabeba kutoka ua dume hadi ua dume. Ndiyo sababu kayinja, ndizi yetu ya pombe, iliteketea mapema kuliko nyingine, na rubisi ikaadimika.

Dawa ya kupuliza haikuwepo, na hata leo haipo. Mabwana shamba walitufundisha kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda, mara tu kichane cha mwisho kinapotoka. Unalikaba shingoni, unalizungusha mpaka linakatika, bila chuma kugusa mmea. Panga tulilipitisha motoni au kuliosha kwa jiki, na shina lililougua tukaling'oa. Vijiji vikatunga sheria ndogo. Njia hizi zinafanya kazi, nimeziona zikiokoa shamba, lakini zinataka kila jirani azifuate, kila msimu, pamoja na yule mjane mwenye ekari mbili asiye na wa kumsaidia kuchimba visiki.

Njia nyingine ni kupanda mgomba usiougua, na kuletewa mbegu mpya hakukuwa jambo geni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa maendeleo wa Kagera, uliosaidiwa na Ubelgiji, uliingiza miche ya maabara kutoka Leuven, zikiwamo FHIA zilizozalishwa Honduras. Migomba ile ilistahimili maradhi ya majani na ikatoa mikungu mikubwa ajabu. Ila jikoni haikuwa enyoya, wala enshakala, ndizi zetu za kupika. Wengi waliila kwa kukosa nyingine, au wakaikamua pombe. Nadhani somo kubwa la kipindi kile ni hilo: mkulima hupokea mgomba kwa macho, lakini huuweka au kuung'oa kwa ulimi.

Na mgomba una tabu yake. Ndizi tunazokula karibu hazina mbegu, hivyo kuuzalisha kwa kuchavusha ni kazi ya miaka mingi, na kinachozaliwa ni ndizi nyingine, si ile ya mwanzo. Isitoshe, kinga kamili dhidi ya unyanjano haikupatikana katika aina zinazolimwa. Ilionekana kwa jamaa wa porini, Musa balbisiana.

Ndipo watafiti wakaenda bustanini. Dkt. Leena Tripathi na wenzake wa taasisi ya utafiti ya IITA, wakishirikiana na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, walichukua jeni mbili za pilipili hoho, zilizotoka maabara za Taiwan kupitia taasisi ya AATF bila malipo ya hakimiliki, wakazipandikiza kwenye migomba. Kwa jeni hizo, seli iliyovamiwa hujiua upesi, na ugonjwa unakosa pa kupitia. Mwaka 2010 migomba hiyo ilipandwa ndani ya uzio huko Kawanda, karibu na Kampala. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: kati ya koo 65 zilizojaribiwa, 11 hazikuugua kabisa, shina mama wala machipukizi yake.

Baada ya hapo mambo yalihamia bungeni na wizarani. Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya bioteknolojia, iliyohitajika ili migomba kama hiyo ifike kwa wakulima, mwaka 2017, Rais Museveni akakataa kuitia saini. Likaipitisha tena mwaka 2018, akairudisha tena. Kwetu Tanzania, mahindi ya majaribio yenye jeni ya kupandikizwa yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yote ya aina hiyo yasimame.

Hofu ya wanaopinga, ya kutegemea kampuni za mbegu, naielewa, kwa mahindi hasa. Lakini chipukizi la mgomba hung'olewa likapewa jirani bila risiti, na lingeendelea kutolewa hivyo hata likiwa na jeni ya hoho. Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba njia hii inaweza kuiacha enyoya ikabaki enyoya. Majaribio ya Kawanda yalifanywa kwa aina za Uganda. Natamani siku moja kituo cha utafiti cha Maruku kiruhusiwe kuanza na enyoya, enshakala na entobe, ndani ya uzio uliofungwa vizuri, na wakulima wa Kyerwa waitwe wakate mashina kwa mikono yao, waangalie kama usaha unatoka.