Nauli za matatu, Kericho na Bomet

Nauli za matatu katika kaunti za Kericho na Bomet ni malipo ya safari moja moja. Hutajwa na konda au mpiga debe wa steji, hulipwa garini, na kwa kawaida hazina tiketi. Hakuna kadi ya mwezi, hakuna pasi ya siku, wala hakuna ofisi inayobandika orodha ya bei. Mkulima wa chai anayetoka Litein kwenda Kericho kila wiki hasumbuki, kwa kuwa bei anaijua na makanga wanamjua. Anayeumia ni msafiri wa mara mojamoja, kama mwalimu aliyehamishiwa Sotik, mgeni wa harusi, au mtu anayekwenda kumwona mgonjwa katika hospitali ya Tenwek ama Longisa.

Njia kuu ni mbili. Barabara ya Nakuru–Kisumu hupita njia panda ya Londiani, Chepseon, mjini Kericho na Kapsoit. Nyingine hutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong, inakokutana na ile ya Narok, Bomet na Kisii. Kaplong ni mahali pa kukaa macho. Gari la Bomet likibaki na abiria wachache, konda anaweza kuwauza kwa gari jingine. Aliyelipa tayari hadaiwi tena, ila ahakikishe makanga wawili wamepeana pesa mbele yake kabla hajahama. Uzoefu wa wenyeji ni kutolipa mpaka gari liwe limekwisha ondoka na kushika mwendo.

Nje ya barabara kuu kazi ni ya magari madogo aina ya Probox na pikipiki za boda boda. Probox hujaa upesi kuliko matatu ya abiria 14, na hujazwa kupita kiasi, hadi abiria mmoja kugawana kiti na dereva. Anayetaka nafasi hulazimika kulipia viti viwili, jambo ambalo mgeni haambiwi mpaka aulize. Pikipiki zilienea baada ya serikali kuziondolea kodi ya VAT mwaka 2008, na ndizo zinazomfikisha mtu kwenye viwanda na vijiji vya ndani. Barabara nyingi za mashamba makubwa ya chai ni za kampuni na zina mageti, hivyo bei ya boda ipatanwe hadi mlangoni hasa, si hadi getini.

Nchini Tanzania, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hutangaza viwango vya nauli za daladala na mabasi, na abiria anaweza kumtajia kondakta kiwango hicho. Kenya haina utaratibu huo kwa matatu. Kanuni za 2014 za mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, zinamtaka kila mwenye gari awe ndani ya sacco au kampuni, lakini bei huachiwa soko, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kupatana bei. Ukweli wa stejini ni kwamba magari ya foleni moja hutoza sawa, na aliye mbele kwenye foleni hana sababu ya kupunguza.

Bei ya mafuta hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, nauli zilipanda. Mafuta yanaposhuka, nauli hazina haraka ya kuyafuata. Ndivyo ilivyokuwa pia wakati wa korona. Mwaka 2020 matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, abiria wakabebeshwa gharama ya viti vilivyobaki wazi, na magari yaliporuhusiwa kujaza tena Agosti 2021 wengi walilalamika kwamba bei ya dharura imegeuka ya kawaida.

Linalobadilisha nauli zaidi ni upande unaokwenda. Wiki ya Krismasi magari hutoka Nairobi yamejaa na kurudi matupu, kwa hiyo anayetoka Nairobi hulipia safari zote mbili. Siku hizohizo, anayeelekea Nairobi husafiri kwa bei nafuu na huombwa apande. Januari mambo hugeuka. Shule zinapofunguliwa na kufungwa hali huwa hivyohivyo kwa siku mbili tatu. Kericho ina jambo lake la ziada, mvua ya alasiri, ambayo hunyesha karibu mwaka mzima. Ikianza, boda hupandisha bei papo hapo, na aliyemaliza shughuli zake saa sita mchana hupona.

Fedha taslimu bado ndiyo njia kuu, ingawa M-PESA imeenea. Hapa hesabu ndogo ina maana. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure. Tangu ushuru upande mwaka 2023, kutuma kati ya 101 na 500 kumegharimu shilingi 7, na konda anayepokea kwa namba yake binafsi huongeza, “tuma na ya kutoa.” Ikiwa gari lina namba ya till, abiria hakatwi ada. Serikali iliagiza nauli zote zilipwe bila taslimu kuanzia Julai 2014, na kadi kama BebaPay ya Google na Equity zikauzwa kwa abiria wa Nairobi. Agizo hilo lilikufa. Sababu haikuwa ujinga wa teknolojia: konda humpelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa kwa siku na kubaki na kinachozidi, na kuna matumizi ya njiani ambayo hayaandikwi popote. Kadi ingeanika yote.

Tiketi halisi, yenye namba ya kiti, hupatikana katika ofisi za mabasi ya masafa marefu, kama Easy Coach, na nyingine huuzwa kwa simu. Basi linaloendelea hadi Kisumu wakati wa sikukuu huweza kumtoza anayeshukia Kericho nauli nzima, kwa hoja kwamba kiti chake kitabaki tupu. Kuulizia gari linaloishia Kericho huokoa pesa.

Bei iliyochapishwa ilifika eneo hili mapema na reli, iliyokamilika hadi Kisumu mwaka 1901 kupitia Londiani, Lumbwa (sasa Kipkelion) na Fort Ternan, ikiuacha mji wa Kericho pembeni. Treni ya abiria ilifufuliwa Desemba 2021, ikitoka Nairobi Ijumaa jioni na kuingia Kisumu asubuhi, maana yake iliipita nchi ya chai usiku, saa ambazo boda ni chache na bei yake haina mpinzani.