Maambukizi sanjari

Virusi vya Korona vilipotangazwa kuingia Tanzania, Machi 16, 2020, mlipuko wa dengue wa 2019 ulikuwa haujasahaulika Dar es Salaam. Mkazi wa Tegeta aliyeamka na homa, kichwa na viungo vikimuuma, angeweza kuwa na malaria, dengue au Korona. Au mawili kati ya hayo. Uwezekano huu wa mwisho ndio unaosahaulika mno: kipimo cha malaria kikisoma chanya, mara nyingi utafutaji huishia hapo.

Hali ya mtu mmoja kuwa na vimelea vya magonjwa mawili au zaidi kwa wakati mmoja, wahudumu wa kifua kikuu na VVU huiita "maambukizi ya pamoja". Inaeleweka, ila asiyezoea hudhani ni watu kadhaa walioambukizwa kwa mkupuo. "Maambukizi pacha" hufunga idadi kwenye mbili. "Mseto", tuliouzoea kwenye dawa mseto ya malaria, hudokeza vitu vilivyochanganywa, ilhali virusi vya dengue na vya Korona havichanganyiki. Napendekeza "maambukizi sanjari". Vyombo vinavyokwenda sanjari huenda viling'oa nanga siku tofauti. Vivyo hivyo Aedes, mbu aumaye mchana, anaweza kuwa amemwachia mtu dengue wiki iliyopita, na mtu huyo akaipata Korona jana kwenye daladala.

Istilahi hii inadai uthibitisho wa kila kimelea. Singapore, mwaka 2020, wagonjwa wawili walionekana na kingamwili za dengue kwa kipimo cha haraka. Baadaye ikathibitika wana Korona, na dengue hawana. Kipimo kilikosea, basi. Maambukizi sanjari hayakuwapo. Lakini kisiwani Mayotte, mwaka huohuo, magonjwa yote mawili yalivuma kwa wakati mmoja, na huko daktari hakuwa na haki ya kutosheka na jibu moja.

Uzito wa jambo hili uko kwenye matibabu. Dengue hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ndiyo maana aspirini na diklofenaki hukatazwa na parasetamoli ikaruhusiwa. Korona kali, kinyume chake, huweza kugandisha damu mishipani, na mgonjwa aliyelazwa hupewa sindano ya heparini kuzuia hali hiyo. Mwenye magonjwa yote mawili hawezi kutibiwa kwa mwongozo wa ugonjwa mmoja: chembe sahani zake zihesabiwe kabla ya sindano hiyo, na zihesabiwe tena kesho yake.