Kompyuta za kwanza za waandishi: walichaguaje?

Leo ukikosea neno kwenye ujumbe wa simu, unalifuta na kuendelea. Zaidi ya miaka 40 iliyopita, mwandishi wa vitabu aliyetaka nafuu hiyo alitoa pesa nyingi kwa mashine ambayo hakuwa na hakika nayo.

Baadhi yetu hapa redioni tumewahi kuandika habari kwa taipureta, na tunaijua adha yake: ukibadili sentensi tatu katikati ya ukurasa, unachapa ukurasa wote upya. Sasa fikiria mswada wa kurasa 300.

Mmoja aliyeachana na taipureta mapema ni Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka mwaka 1956. Riwaya yake, 2010: Odyssey Two, iliyotoka mwaka 1982, aliiandika kwa kompyuta iitwayo Archives III yenye programu ya WordStar. Kitabu kizima kilisafiri kutoka Colombo hadi New York kikiwa ndani ya disketi moja ya inchi tano, na masahihisho ya dakika za mwisho yakapitia setilaiti. Kwa mtu anayeishi mbali na mchapishaji wake, bunda la karatasi lilikuwa limegeuka kitu cha kutia kwenye bahasha.

Lakini anunue ipi? Mwaka 1981 ilitoka Marekani Osborne 1, kwa dola 1,795. Bei hiyo ilijumuisha WordStar, na hilo liliwavutia wengi kwa sababu programu zilikuwa ghali. Iliitwa kompyuta ya kubebeka, ingawa ilikuwa na kilo 11, yaani zaidi kidogo ya ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Tatizo lake kwa mwandishi lilikuwa macho. Skrini yake ilikuwa ya inchi 5, ndogo kuliko ya simu nyingi za leo, na mstari ulionyesha herufi 52 tu. Mstari mrefu zaidi ya hapo ulibidi usogezwe kushoto na kulia ndipo usomeke wote. Mwaka uliofuata ikaja Kaypro II kwa bei ileile, ikiwa na skrini ya inchi 9 na herufi 80 kwa mstari. Clarke aliitumia Kaypro alipokuwa akijadiliana kwa njia ya simu na mwongozaji Peter Hyams, aliyekuwa Marekani, kuhusu filamu ya kitabu hicho.

WordStar yenyewe ilihitaji mazoezi. Kibodi nyingi za wakati huo hazikuwa na vitufe vya mishale, hivyo uliposhika kitufe cha Control, herufi E ilikupandisha juu, X ikakushusha, S kushoto na D kulia. Vidole vikishazoea, havikutaka tena kuhama.

Uingereza, mlango ulifunguka kwa wenye kipato cha kawaida mwezi Septemba 1985. Amstrad PCW 8256 iliuzwa pauni 399 kabla ya kodi, pamoja na skrini, kibodi, printa na programu ya kuandikia iitwayo LocoScript. Unaweka disketi, unawasha, unaandika. Kwa maoni yetu, hii ndiyo iliyomjali zaidi mwandishi asiyetaka kuwa fundi wa kompyuta.

Ila unafuu ule ulikuja na kamba yake. Printa ilifanya kazi na mashine hiyo tu. Disketi zake zilikuwa za inchi 3, wakati wengine walielekea kwenye inchi 3.5, na maandishi ya LocoScript hayakufunguka moja kwa moja kwenye kompyuta nyingine. Mashine ikifa, mwenye mswada alibaki na kisahani cha plastiki mkononi, maneno yakiwa ndani na hana pa kuyasomea.

Ndiyo maana waliokuwa waangalifu waliendelea kuchapa kila sura kwenye karatasi na kuiweka kabatini. Karatasi hizo zinasomeka hadi leo bila mashine yoyote. Wewe mwenye maandishi muhimu kwenye simu, kama kumbukumbu za kikundi au wosia wa mzee, mtumie nakala mtu mwingine, kisha peleka nyingine kwa mwenye printa.