Senti ya Mizanini na Daftari la Wote

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii imechukua mfano wake sokoni, mahali ambapo nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Siku hizi, katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, mpokea fedha humwuliza mnunuzi kama angependa kuongeza senti chache juu ya bei ya vyakula vyake, ili zisaidie zahanati, yatima au chama cha hisani cha mtaani. Wako wadhanio kwamba huo ni ubunifu mpya. Kwa hakika, desturi ya kutenga sehemu ndogo ya mauzo kwa faida ya jamii ina historia ndefu, na sura moja muhimu ya historia hiyo imo katika nchi ya pamba, kusini mwa Ziwa Viktoria. Insha hii yakusudia kuieleza sura hiyo, na kuonyesha kwamba senti ya wengi hujenga pale tu mwenye kuitoa anapojua ilikokwenda.

Msafiri atokaye Shinyanga kuingia Mwanza hupita Buhongwa na Mkolani kabla ya kufika Nyegezi. Leo Mkolani ni kata ya jiji, yenye maduka na nyumba nyingi. Lakini ni ardhi ya Usukuma, na Wasukuma walijua kuchangiana kabla sarafu haijaenea. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, basumba batale, ulioongozwa na nsumba ntale. Umoja huo ulilima shamba la mwenye kuhitaji msaada, kwa ngoma na nyimbo, na malipo yake yakawa ya kikundi, si ya mtu mmoja. Kila mkono ulionekana ukifanya kazi, na kila mdomo ulijua kilicholiwa. Hapakuwa na daftari, kwa kuwa macho ya wote ndiyo yaliyokuwa daftari.

Ng'ambo nako fikra kama hiyo ilipata umbo la duka. Tarehe 21 Desemba, 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, mafundi wachache, wakiwemo wafumaji, walifungua duka la kuuza unga, siagi, sukari na oti zilizosagwa. Ziada iliwarudia wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao, na baadaye asilimia 2.5 ya ziada hiyo ikatengwa kwa ajili ya elimu. Hivyo mama aliyenunua unga alichangia maktaba. Kanuni za Rochdale zilienea duniani, na zilifika Tanganyika. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, KNCU.

Katika Jimbo la Ziwa, jambo lililoamsha watu lilikuwa mizani. Pamba ilinunuliwa na mawakala wa wenye viwanda vya kuchambulia, na wakulima walilalamika kwamba walipunjwa uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka wapimaji wao wenyewe ili kuhakikisha uzito uliosomwa na mnunuzi. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizuru Uganda kujifunza ushirika, kisha akawaunganisha wakulima hao. Vyama vya msingi vilianza kuandikishwa mwaka 1953, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, VFCU. Kabla ya Uhuru, ununuzi wa pamba yote ya jimbo ulikuwa mikononi mwa ushirika.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika makato. Katika kila ratili ya pamba iliyopimwa, senti kidogo ilibaki chamani. Kwa senti hizo, pamoja na mikopo, ushirika ulijenga maghala na kununua viwanda vya kuchambulia pamba. Ushuru mwingine wa pamba uliingia katika halmashauri, ukasaidia kulipia huduma za wananchi. Mkulima asiyejua kusoma alikuwa mwenye kiwanda.

Lakini wahenga walinena pia: mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirika ulipokua, daftari lilikwenda mbali na mizani. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilieleza upungufu wa elimu miongoni mwa wanachama, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na ubadhirifu. VFCU iliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na mwaka 1968 mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa. Mwaka huohuo Operesheni Maduka ikahimiza duka la kijiji lishike nafasi ya duka la mtu binafsi, na ziada yake iwe ya kijiji. Nia ilikuwa njema. Ila bidhaa zilipoadimika na hesabu zisisomwe, maduka mengi yalififia. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, lakini imani iliyovunjika hairudishwi kwa sheria peke yake.

Yafaa vijana wetu watambue tofauti iliyopo hapa. Kato ambalo mwanachama ameliamua mkutanoni, na ambalo hesabu yake husomwa mbele yake, ni mali yake ingawa limetoka mfukoni mwake. Kato asilolijua ni hasara, hata likiitwa mchango. Mnunuzi anayeombwa senti dukani ana haki ileile aliyoidai mkulima wa pamba: kuiona mizani, na kusomewa daftari.

Basi mwalimu anayefundisha somo hili aanze na duka la shule yake. Wanafunzi wahesabu ziada, waamue matumizi yake kwa kura, kisha wabandike hesabu ukutani mahali ambapo kila mmoja ataisoma.