Asili ya Nafasi Mbele ya Nyumba

Sheria ya kuacha nafasi mbele ya nyumba si jambo la juzi. Mwaka 1914 Profesa W. J. Simpson, baada ya kuzuru Kenya na Uganda, alishauri miji igawanywe kwa rangi za watu, ukanda mtupu ukiwatenga. Mwaka 1923 Uingereza iliacha kuwatenga Wahindi na Wazungu. Mwafrika akabaki pembeni. Leo nafasi ile hamtengi mtu: hupitisha maji na upepo, na huzuia moto usiruke paa hadi paa. Basi ajengaye Moding au Malaba na apate kwanza kibali cha Kaunti, kama iagizavyo sheria ya 2019, jasho lake lisije likabomolewa.