Nani Mwenye Gemu? Duka na Mtandao, 1972 hadi 2025

Gemu za video zilipoanza kuingia majumbani hazikuwa na duka la kwao. Mwaka 1972 mashine ya kwanza, Magnavox Odyssey, iliuzwa na mawakala wa televisheni za kampuni hiyo, na wateja wengi waliamini kwamba haikubali televisheni ya kampuni nyingine. Msimu wa Krismasi wa 1975 Atari ilipeleka Pong yake ya nyumbani kwenye maduka ya Sears, tena ikiwa na jina la Sears juu yake. Mnunuzi alinunua kifaa, na gemu ilikuwa humo humo, haitoki. Kilichobadilisha mambo ni Fairchild Channel F ya 1976, iliyobuniwa chini ya Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani Mweusi, ambayo gemu zake zilikuja katika kaseti za kuchomeka na kuchomoa. Atari ikafuata mwaka 1977. Sasa gemu ilikuwa kitu kinachojitegemea: chenye bei yake, cha kuazimana, cha kubadilishana, cha kuuza kikikuchosha.

Haki ya kuuza ulichokinunua ilikuwa ya zamani zaidi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la kampuni ya vitabu ya Bobbs-Merrill, iliyokuwa imechapa ndani ya riwaya onyo kwamba isiuzwe chini ya dola moja. Wenye duka la Macy's waliiuza kwa senti 89, na mahakama ikawapa ushindi: mchapishaji akishauza nakala, hana tena amri juu ya nakala hiyo. Duka la gemu, lilipokuja kuzaliwa, lilisimama juu ya uamuzi huo wa vitabu.

Lakini kwanza soko lilianguka. Kufikia 1983 rafu za Marekani zilijaa kaseti mbovu zilizotengenezwa kwa pupa, wenye maduka wakazirudisha au wakazitupa kwa bei ya hasara, na mwezi Septemba mwaka huo Atari ikazika shehena ya kaseti zake kwenye jalala la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Zilifukuliwa mwaka 2014. Watu hupenda kusimulia kaburi hilo na kusahau jambo lingine la mwaka huo huo, ambalo kwangu lina uzito zaidi. Kampuni moja, Control Video Corporation, ilianza kuuza GameLine: modemu iliyochomekwa kwenye Atari mahali pa kaseti, ikavuta gemu kupitia laini ya simu. Gemu ilichezwa mara chache, kisha ikafutika. Biashara hiyo ilikufa haraka, ingawa kutokana na mabaki yake ilizaliwa kampuni iliyokuja kuitwa America Online. Kwa hiyo wazo la kununua gemu bila kwenda dukani, tena gemu isiyobaki mikononi mwa mnunuzi, lina umri wa zaidi ya miaka arobaini. Lilikuwa likisubiri nyaya na uwezo wa kuhifadhi.

Nintendo ilipofika New York mwishoni mwa 1985 ilikuta wenye maduka wameapa kutogusa tena gemu. Ikaipamba mashine yake kwa roboti ili ionekane kitu cha kuchezea watoto, na ikaahidi kuchukua tena chochote ambacho hakingeuzwa. Kwao Japani, mwaka 1986, kampuni hiyo ilijaribu njia ya kati: mashine zilizowekwa madukani ambazo, kwa yeni 500, zilifuta gemu ya zamani kwenye diski ya mteja na kuandika mpya. Duka lilibaki, ila bidhaa ilikuwa imeanza kupoteza mwili.

Ndipo likaja duka lenyewe. Babbage's ilianza Dallas katika miaka ya 1980 ikiwa duka la programu za kompyuta, kabla ya kugeukia gemu. FuncoLand ilianza Minneapolis mwaka 1988 na kufanya gemu za mitumba kuwa biashara rasmi: ilichapa orodha ndefu za bei, kila kaseti na thamani yake, na ikamruhusu mteja kujaribu kabla ya kulipa. Nintendo ilichukia mambo ya namna hii. Mwaka 1989 iliishtaki Blockbuster, iliyokuwa ikikodisha gemu, ikaibana kwa kosa la kunakili vitabu vya maelekezo, kwa kuwa kukodisha kwenyewe hakukuwa kosa. Japani nako kampuni za gemu ziliyapeleka mahakamani maduka ya mitumba, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikayaachia yaendelee.

Vizazi vya Babbage's na FuncoLand viliungana chini ya jina GameStop, ambayo mwaka 2005 ilimnunua mshindani wake mkuu, EB Games, kwa dola bilioni 1.44. Katika duka la namna hiyo, makasha ya rafuni mara nyingi yalikuwa matupu, diski zikiwa zimehifadhiwa katika droo nyuma ya kaunta. Kijana alileta gemu aliyoimaliza. Muuzaji akaitoa diski, akaiinamisha kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo, akasoma bei kwenye kompyuta, akampa punguzo la kununulia nyingine. Diski hiyo iliuzwa tena kwa bei iliyopungua dola chache tu kuliko ya mpya. Faida yake ilikuwa kubwa kuliko ya gemu mpya, nayo haikugawanywa na yeyote. Aliyetunga gemu hakupata hata senti. Kwa maoni yangu hapo ndipo duka lilipojichimbia shimo, kwa kuwa lilitajirika kwa njia iliyowafanya wanaolilisha wawe maadui zake.

Mwezi Novemba 2004 ulionyesha zama mbili bega kwa bega. Tarehe 9, watu walipanga foleni usiku wa manane nje ya maduka kununua Halo 2. Tarehe 16, Valve ilitoa Half-Life 2, na hata aliyeinunua kwenye kasha dukani hakuweza kuicheza hadi aisajili katika Steam, soko la mtandaoni ambalo kampuni hiyo ilikuwa imelizindua Septemba 2003. Akishaifunga gemu kwenye akaunti yake, diski haikumfaa mtu mwingine. Masoko ya Xbox, PlayStation na Wii yakafuata, na mwaka 2008 likaja la Apple kwenye simu.

Kampuni zilizobaki zikatafuta ukuta wa namna hiyo. Mwaka 2010 Electronic Arts ilianza kuweka ndani ya kasha jipya namba ya siri ya kutumika mara moja. Mnunuzi wa mtumba alitakiwa kulipa dola 10 zaidi ili acheze mtandaoni. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingedhibiti gemu zilizotumika. Wachezaji walikuja juu, Sony ikawatania washindani wake kwa video fupi ya mtu akimkabidhi mwenzake kasha, na Juni mwaka huo Microsoft ikarudi nyuma. Ushindi huo haukuyaokoa maduka. Uingereza, mnyororo wa maduka wa GAME ulikuwa umekwishafilisika mwezi Machi 2012, na maduka 277 yakafungwa kwa mkupuo.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Hapa duka la gemu kwa wengi lilikuwa banda la mtaani: televisheni mbili tatu, PlayStation iliyochokonolewa na fundi isome diski za kunakiliwa, na watoto wanaolipa kwa mechi. Gemu haikuwa mali ya mchezaji hata siku moja, alikodi dakika. Nyaya za baharini zilipotua pwani kuanzia 2009, wengi waliruka hatua ya kasha halisi na kwenda moja kwa moja kwenye simu. Kikwazo kilikuwa kadi ya benki, mpaka huduma za fedha za simu zilipoanza kufunguliwa kwa masoko ya nje. M-Pesa ya Kenya ilitoa kadi yake ya Visa isiyo ya plastiki mwaka 2022.

Novemba 2020 Sony iliuza PlayStation 5 ya aina mbili, moja ikiwa haina mahali pa kuingiza diski. Miezi miwili baadaye hisa za GameStop, duka ambalo wengi walishalikatia tamaa, zilipanda kutoka chini ya dola 20 hadi kupita 480. Waliozinunua walikuwa wakipigana na mifuko ya uwekezaji iliyocheza kamari juu ya kifo chake. Hawakuwa wateja wanaorudi kaunta, na maduka yakaendelea kufungwa.

Upande wa pili wa mabadiliko ulianza kuonekana. Machi 2023 Nintendo ilifunga soko la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U. Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya mwaka 2014, na waliolipia wakabaki bila kitu cha kucheza, hata wenye diski. Jimbo la California likapitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, kwamba muuzaji wa mtandaoni asiseme anauza ikiwa kwa kweli anatoa ruhusa tu, isipokuwa amemweleza mnunuzi waziwazi.

Tarehe 5 Juni 2025 Nintendo ilizindua Switch 2, na baadhi ya gemu zake zikafika dukani katika kaseti zisizo na gemu ndani. Mnunuzi hulipa kaunta, huichomeka nyumbani, na mashine huanza kupakua gemu yote kutoka kwenye seva. Kaseti hiyo anaweza kuiuza au kumwazima rafiki, naye ataicheza, mradi kaseti imechomekwa na kampuni bado inaitoa.